Nyongeza za michezo minne ya mtandaoni: ipi inamfaa mchezaji anayetaka kukaa miaka?

Michezo ya kuigiza wahusika inayochezwa mtandaoni haina mwisho unaoeleweka. Mchezaji hulea mhusika wake, humpandisha ngazi, humtafutia silaha, hujiunga na chama cha wenzake, na baada ya miaka miwili au mitatu hufika mahali ambapo ramani yote ameizunguka na maadui wote anawajua kwa majina. Hapo ndipo kampuni huleta nyongeza, yaani toleo kubwa linalowekwa juu ya mchezo uleule, likiwa na nchi mpya, hadithi mpya na sababu mpya ya kuingia kila jioni. Zipo nyongeza zinazomrudisha mchezaji wa zamani kwa shangwe na zipo zinazomfukuza, na kwa maoni yangu tofauti hiyo hutegemea zaidi namna nyongeza inavyokitendea kile ambacho mchezaji alikwisha kukitolea jasho kuliko ukubwa wa nchi iliyoongezwa.

Ulinganisho huu unamlenga msomaji wa Mtwara au Lindi anayesita kati ya michezo minne: World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard, iliyoanza mwaka 2004, Final Fantasy XIV ya Square Enix, ambayo ilitoka mwaka 2010 ikaanguka, ikafungwa, kisha ikazinduliwa upya mwaka 2013, Guild Wars 2 ya ArenaNet, ya mwaka 2012, na Old School RuneScape ya Jagex, iliyofunguliwa mwaka 2013 kutokana na nakala ya mchezo kama ulivyokuwa mwaka 2007. Nimeiacha The Elder Scrolls Online, ingawa ina wapenzi wengi, kwa sababu mwaka 2025 iliachana na utaratibu wake wa kuuza sura moja kubwa kila mwaka, na mfumo uliochukua nafasi yake bado ni mchanga kuhukumiwa.

Vigezo vinavyotumika

Michezo yote inapimwa kwa mambo manne. La kwanza ni kile ambacho nyongeza huleta na muda unaopita kati ya moja na nyingine. La pili, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni hatima ya mali na ngazi za zamani. La tatu ni urahisi wa kurudi baada ya kukaa mbali kwa miezi, jambo lenye uzito wa pekee katika mikoa ambayo mwaka wa watu wengi hukatwa vipande na kilimo cha korosho au na mihula ya masomo. La nne ni gharama kwa maana yake pana: fedha, bando, umeme na umbali wa seva, yaani kompyuta kuu zinazoendesha mchezo.

Kipya kinachokuja na wakati wake

Tangu The Burning Crusade ya Januari 2007, World of Warcraft imekuwa ikitoa nyongeza takriban kila baada ya miaka miwili, na mara nyingi kila moja huja na bara au visiwa vipya, ngazi za juu zaidi na mapambano mapya ya vikosi. Dragonflight ya mwaka 2022 ilibadilisha hata namna ya kuruka angani, na The War Within ya mwaka 2024 ni ya kwanza katika nyongeza tatu zilizotangazwa kwa pamoja kuwa hadithi moja, zikifuatiwa na Midnight na The Last Titan. Hatua hiyo ni ya busara, kwani kwa miaka mingi wachezaji walilalamika kwamba hadithi ya nyongeza moja husahauliwa mara tu inayofuata inapofunguliwa.

Final Fantasy XIV inatabirika zaidi. Heavensward ilitoka 2015, Stormblood 2017, Shadowbringers 2019, Endwalker 2021 na Dawntrail 2024. Kila moja ilipandisha kikomo kwa ngazi kumi, kutoka 50 za mwanzo hadi 100 za sasa, na nne za mwisho zimeleta kila moja fani mbili mpya za kivita. Mchezaji anajua mapema atakachopata, na ubichi wenyewe hutoka kwenye hadithi, ambayo ndiyo roho ya mchezo huu. Endwalker ilifunga simulizi iliyokuwa ikijengwa tangu mwanzo, na watu waliomiminika walikuwa wengi kiasi kwamba kampuni ilisimamisha mauzo kwa muda kwa sababu seva zilielemewa. Asiyependa kusoma mazungumzo marefu, na katika toleo la kimataifa la mchezo huu yako kwa Kiingereza, Kijapani, Kifaransa na Kijerumani tu, atakosa zaidi ya nusu ya kinachouzwa.

Guild Wars 2 ilichukua njia nyingine kabisa. Heart of Thorns ya mwaka 2015 ilileta mabawa ya kuteleza angani, na Path of Fire ya mwaka 2017 ikaleta vipando, kila kimoja na ustadi wake: sungura anayeruka juu ya majabali, taa-bahari anayeelea juu ya maji na mchanga unaodidimiza. Vipando hivyo vinatumika pia kwenye ramani za mwanzo, kwa hiyo nchi ambayo mchezaji aliizunguka kwa miguu mwaka 2012 hupata kuwa mpya bila kuguswa. Baada ya hapo ulipita ukame wa zaidi ya miaka minne hadi End of Dragons ya Februari 2022, na tangu Secrets of the Obscure ya mwaka 2023 kampuni inatoa nyongeza ndogo zaidi kila mwaka, ikizijaza kwa masasisho ya robo mwaka.

Old School RuneScape haiuzi nyongeza. Masasisho yote makubwa hupigiwa kura na wachezaji wanaolipa ada, na pendekezo huhitaji asilimia 70 ili lipite. Zamani ilikuwa 75. Nchi ya Varlamore ilifunguliwa mwaka 2024 kwa utaratibu huo, bila malipo ya ziada. Utaratibu huu huwalinda wachezaji dhidi ya mageuzi yasiyotakiwa, lakini huenda polepole mno: pendekezo la stadi ya ubaharia lilishindwa mwaka 2015, stadi nyingine iliyoitwa Warding ikakataliwa mwaka 2019, na ubaharia ukaingia hatimaye Novemba 2025, ukiwa stadi mpya ya kwanza tangu mchezo ufunguliwe.

Hatima ya jasho la zamani

World of Warcraft hufuta ubao. Panga ambalo kikosi cha watu 20 kililipigania kwa miezi hupitwa na panga la kawaida linalotolewa na mwanakijiji katika saa za mwanzo za nyongeza mpya. Silaha maalumu za Legion ya mwaka 2016, ambazo wachezaji walizilea kwa miaka miwili, zilizimwa nguvu nyongeza hiyo ilipomalizika, na mwaka 2020 hata ngazi zenyewe zilishushwa, mhusika wa ngazi 120 akajikuta yuko 50 kwenye mfumo mpya wenye kikomo cha 60. Kinachobaki ni vipando, mavazi ya sura na kumbukumbu za mafanikio.

Huo ni ukatili, lakini una haki yake. Nyongeza inapofunguliwa, mkongwe wa miaka 15 na mgeni wa mwezi jana husimama kwenye mstari mmoja, kama vile ligi inavyoanza kila msimu Namungo ya Ruangwa na Simba zote zikiwa na pointi sifuri. Wiki hizo za kwanza zina msisimko ambao michezo mingine mitatu haiufikii, kwa sababu watu wote wako mahali pamoja, hakuna anayejua njia, na bei sokoni bado hazijatulia. Kwa mchezaji anayependa kukimbia mbio, kufutwa kwa ubao ndiko kunakomweka hai. Kwa anayependa kutunza, ni msiba unaorudi kila baada ya miaka miwili. Blizzard wenyewe walilionja jambo hilo: Cataclysm ya mwaka 2010 iliibadilisha dunia ya zamani, na miaka mingi ya madai ya kuitaka dunia ile ilisababisha kufunguliwa kwa toleo la Classic mwaka 2019, ambalo limekuwa kimbilio la wasiotaka nyongeza mpya kabisa.

Final Fantasy XIV nayo huzishusha thamani silaha za zamani, lakini imepata dawa ya maeneo yaliyopitwa. Upo mfumo wa bahati nasibu ya kila siku unaomtuma mkongwe wa ngazi 100 kwenye shimo la ngazi 30 au 50, ukimshusha nguvu zake zilingane na mahali hapo, kisha ukimlipa vizuri kwa usumbufu. Matokeo yake ni kwamba mgeni anayeanza leo hukuta watu katika mapambano ya mwaka 2013, na mkongwe hukutana na watu wanaoyaona kwa mara ya kwanza. Isitoshe, mhusika mmoja anaweza kujifunza fani zote za mchezo, kwa hiyo mali, marafiki na hadithi hubaki kwa mtu yuleyule hata anapoamua kuacha upanga na kushika brashi ya mchoraji wa Dawntrail.

Guild Wars 2 ndiyo inayoheshimu jasho kuliko zote nne katika suala la silaha. Kikomo cha ngazi ni 80 tangu siku ya kwanza, na daraja la juu la vifaa lililoletwa Novemba 2012 halijapitwa kwa nguvu hadi leo. Nyongeza hupanua kwa upana: fani hupata matawi mapya, mwendo hupata njia mpya, na ramani hupata matukio makubwa yanayokusanya makumi ya watu. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba mchezaji anayeishi kwa kuona namba zikipanda atahisi amesimama. Nimesikia malalamiko hayo zaidi kwa watu waliotoka Warcraft, na sidhani kama yana dawa, maana kinachowakera ndicho kilichowavutia wengine.

Katika Old School RuneScape, stadi iliyofikishwa ngazi 99, ambayo ndiyo ya juu kabisa, haishushwi. Kufika huko kunahitaji pointi 13,034,431 za uzoefu, na anayeshangilia ngazi ya 92 amefika nusu ya safari tu. Vitu vya zamani havifutwi, ila hushuka bei sokoni pale kitu bora zaidi kinapoingia, jambo linalofanana na uchumi wa kweli kuliko uamuzi wa kampuni. Nyongeza kama ubaharia humpa mkongwe kilima kipya cha kupanda bila kukiondoa alichokwisha kukipanda.

Kurudi baada ya msimu

Mkulima wa Tandahimba au Newala anaweza kuwa na jioni tulivu mwanzoni mwa mwaka, kisha akapotea kuanzia msimu wa kupulizia salfa katikati ya mwaka hadi minada inapomalizika. Mwanafunzi wa bweni Masasi au Nachingwea hucheza likizo tu. Mchezo unaomwadhibu mtu kwa kukosekana haufai kwao, hata uwe mzuri namna gani.

Kwa kipimo hiki Guild Wars 2 na Old School RuneScape ziko mbele, kwa kuwa silaha na stadi hukusubiri kama ulivyoziacha. Tahadhari ni mbili. Vipindi vya hadithi vya kati vya Guild Wars 2 vilivyotolewa zamani vilikuwa vya bure kwa aliyeingia wakati vinatoka, na aliyekosa hulazimika kuvinunua. Na katika RuneScape, ada ikikatika, vifaa vya wanachama havitumiki kwenye seva za bure mpaka ulipe tena.

Final Fantasy XIV iko katikati. Hadithi haikupiti, na kiongozi wa mchezo, Naoki Yoshida, amesema hadharani kwamba mchezaji anaweza kupumzika, acheze vitu vingine, arudi nyongeza mpya inapotoka. Hata hivyo hakuna kuruka: bila kununua kibali maalumu, mtu hulazimika kumaliza hadithi yote tangu mwanzo, mamia ya saa, kabla ya kuigusa Dawntrail. Na aliyebahatika kupata nyumba ndani ya mchezo asipoiingia kwa siku 45, nyumba hiyo huweza kubomolewa. Warcraft humpokea arudiye vizuri sana mwanzoni mwa nyongeza na vibaya kiasi katikati yake, pale ambapo vikosi vimekwisha kupangwa na yeye bado anatafuta silaha za kuanzia.

Fedha, bando, umeme na umbali

Warcraft hutoza dola 14.99 kwa mwezi. Ada hiyo hufungua nyongeza zote za nyuma, lakini ile mpya hununuliwa peke yake, na jaribio la bure huishia ngazi 20. Mwenye dhahabu nyingi ndani ya mchezo anaweza kuibadilisha kwa siku 30 za kucheza. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure lisilo na kikomo cha muda, linalojumuisha Heavensward na Stormblood hadi ngazi 70. Ni ukarimu usio na mfano, ingawa mchezaji wa bure hawezi kutumia soko wala kujiunga na chama, na akishalipa hawezi kurudi kwenye hali ya bure. Baada ya hapo ada huanzia dola 12.99 kwa mwezi, na nyongeza ya karibuni huja na zote zilizoitangulia. Atakayeinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ajue kwamba nyongeza zote zijazo atalazimika kuzinunua hukohuko.

Guild Wars 2 haina ada ya mwezi. Mchezo wa msingi ni bure, na nyongeza za miaka ya karibuni zimekuwa zikiuzwa kwa takriban dola 25, ila mgeni anayetaka kila kitu atakuta deni limelimbikizana. RuneScape ina sehemu ya bure na sehemu ya ada, na ada inaweza kulipwa kwa dhahabu ya mchezo. Malipo ya michezo yote huweza kufanyika kwa kadi, na asiye na akaunti ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayopatikana kupitia huduma za pesa za simu.

Kwenye bando, kucheza kwenyewe hula kidogo. Kinachomaliza GB ni kupakua. Warcraft na Final Fantasy XIV huhitaji nafasi inayozidi GB 100 kila moja, na siku ya nyongeza huja na mzigo mwingine. Guild Wars 2 humruhusu mtu kuanza kucheza kabla upakuaji haujaisha. RuneScape ni nyepesi kiasi cha kukaa kwenye simu, na tangu mwaka 2018 mhusika yuleyule huchezwa kwenye simu na kwenye kompyuta, jambo ambalo umeme ukikatika Chikongola au Mikindani hubadilisha kabisa maana ya kuwa na mchezo.

Seva zinazofaa kwetu kwa kawaida ni za Ulaya, kwa hiyo kuchelewa kwa mawasiliano ni jambo la kudumu, na siku kebo za baharini zinapokatika, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, hakuna mchezo unaopona. Katika siku za kawaida tofauti inaonekana wazi. RuneScape huhesabu matendo kila baada ya sekunde 0.6, na kuchelewa kidogo hakuonekani. Pigo la kawaida la Final Fantasy XIV hurudi baada ya sekunde 2.5, la Warcraft baada ya 1.5, na Guild Wars 2 hudai ukwepe pigo kwa wakati wake, jambo linaloumiza mtandao unapoyumba. Vikosi vya Ulaya vinavyoanza saa mbili usiku kwao, huku huwa saa tatu majira ya joto yao na saa nne majira ya baridi. Umeme ukizimika katikati ya pambano gumu zaidi la Warcraft, wanaoachwa mataani ni watu 19. Katika Final Fantasy XIV ni saba, katika Guild Wars 2 ni tisa, na katika RuneScape aghalabu wanne au pungufu.

Uchaguzi kwa hali ya mchezaji

Mwenye kompyuta nzuri, intaneti ya uhakika na jioni tatu za wiki zilizo huru, anayependa ushindani na hajali kuanza upya, atapata thamani ya fedha yake katika World of Warcraft, hasa akijiunga wiki ambayo nyongeza inafunguliwa. Akichelewa miezi sita, ni heri alipe mwezi mmoja auone ulimwengu, kisha asubiri nyongeza inayofuata.

Anayesoma Kiingereza bila taabu na kupenda hadithi ndefu aanze na jaribio la bure la Final Fantasy XIV, na asilipe mpaka Stormblood imalizike. Hapo atakuwa amekwisha kuona nyongeza mbili nzima bila shilingi zaidi ya bando. Asiyesoma Kiingereza vizuri ataelewa zaidi akiwa RuneScape, ambako kazi nyingi hujieleza kwa vitendo.

Mwenye kucheza kwa misimu, awe mkulima, mwalimu au mwanafunzi wa chuo anayerudi Lindi likizo, aangalie Guild Wars 2 ikiwa ana kompyuta na mtandao usioyumba, akinunua nyongeza moja kwa wakati wake, na aanze na ile yenye vipando kwa kuwa itamtumikia kwenye ramani zote. Asiye na kompyuta kabisa, au anayeishi mahali ambapo umeme hauaminiki, ana chaguo moja la kweli kati ya haya manne, nalo ni Old School RuneScape kwenye simu, akianza na sehemu ya bure kabla ya kuamua kama ada inamfaa.

Na walio wawili au watatu, marafiki wa Shangani au ndugu waliotawanyika Mtwara, Kilwa na Dar es Salaam, wachague kwa kuangalia aliye na mashine dhaifu zaidi na muda mchache zaidi kati yao, kisha kabla ya kufungua akaunti wakubaliane seva moja, kwa kuwa katika Warcraft na Final Fantasy XIV kumhamisha mhusika baadaye kwenda seva nyingine hulipiwa.